Darasa la Mwalimu Maimouna Lisilosikika Barabarani

Saa moja na robo asubuhi, watoto themanini na wanane wameketi kwenye mikeka ndani ya chumba cha matofali ya udongo katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na kelele pekee inayosikika ni ya majirani wawili huko nje wanaobishana ni nani aliyechukua ndoo ya nani.

Maimouna Sumaili hasimami mbele ya darasa. Anapita katikati ya watoto, kitenge amekikunja magotini, anachuchumaa mbele ya watoto wanne watano, anasema la kusema, kisha anasogea mbele. Mtoto wa nyuma kabisa ananyoosha mkono bila kuita. Mwalimu anamfuata na kumtegea sikio.

"Mwalimu, Kelly ananikalia ku muguu."

"Kelly, toka ku muguu ya mwenzako. We uko na yako mbili, zinakutosha."

Darasa hili lina sauti tatu, na watoto wanazijua vizuri. Sauti ya mkeka ni ya kusema na aliye karibu nawe. Sauti ya mlango ni ya kusikika na chumba kizima, na hutolewa kwa zamu. Ya tatu ni sauti ya mjigo, yaani ya kwenye foleni ya bomba la maji, ambako kila mama huongea kana kwamba mwenzake yuko Lumbadzi, mji wa jirani. Hiyo huachwa nje pamoja na viatu.

Juu ya zote kuna sheria moja: ukimtaka mtu, mfuate, usimwite. Mwanzoni iliwatesa wazazi. Mama mmoja alijikuta amengojewa mlangoni mwa choo na mwanawe aliyekuja kuuliza chumvi iliko.

Maimouna, miaka 43, ni mzaliwa wa Kindu, huko Maniema, Kongo, ambako aliuza vitenge sokoni tangu usichana. "Kule, mwenye sauti njo mwenye kuuza," anasema, na kwao njo ni ndiye. Alifika Dzaleka mwaka 2013, na miaka mitatu baadaye akaanza kufundisha chekechea kwa posho ambayo leo ni kwacha 45,000 kwa mwezi. Aliingia darasani na sauti ileile ya vitenge.

Mwaka 2021 sauti hiyo ikakatika. Majirani, kama kawaida yao, kila mmoja alikuja na dawa yake na umbea wake. Huyu alileta tangawizi na pilipili, yule yai bichi, na wa tatu akasema wazi kwamba kuna mtu wa Kindu aliyenyang'anywa mteja zamani na sasa analipiza.

Alipanda basi dogo hadi hospitali moja Lilongwe. Muuguzi akamweleza kwamba kooni mna kanda mbili laini zinazogongana kila tunaposema. Ukizigonganisha kwa nguvu kila siku zinavimba, na mwishowe zinaota sugu kama kiganja cha mwenye jembe. Akaambiwa anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, asikohoe kwa nguvu kusafisha koo, asipige kelele kwa wiki tano, na asinong'one, kwa sababu kunong'ona nako kunachosha koo.

Kukaa nyumbani wiki tano hakuweza. Alirudi darasani akafundisha kwa mikono.

"Siku ya tatu nikasikia kitu, kimya," anakumbuka akicheka. "Nikafikiri batoto bako bagonjwa. Kumbe mi njo nilikuwa nabafundisha kelele. Mi nikipanda, bo banapanda. Mi nikishuka, bo banashuka."

Katika ukimya huo ndipo alipoanza kuzisikia sauti za watoto zenyewe. Kumi na mmoja walikuwa wamepwelewa na sauti. Katika miaka iliyofuata akajifunza kuwatambua mapema, na aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Elodie, binti wa miaka sita, ambaye majirani walimwita Papa, yaani baba, kwa kuwa sauti yake ilikwaruza kama ya mzee.

Mama yake, Cishahayo, Mrundi anayeuza ndizi, hakuona tatizo. Elodie huimba kwaya ya watoto. "Kwetu mutoto akiamka Jumatatu sauti hakuna, tunajua jana aliimbia Mungu kabisa," anasema. "Mi nilikuwa najisifu naye."

"Mama Elodie," Maimouna alimwambia, "Mungu haiko mbali vile. Aimbe, asipige kelele. Na kama wiki tatu zinapita sauti haijarudi, mupeleke kwa munganga." Cishahayo alimpeleka hospitali, na jibu likawa lilelile la sugu.

Basi ukimya wa darasa ukaleta balaa lingine. Wazazi wa Dzaleka hukagua shule kwa masikio wakiwa barabarani. Chumba cha pili, kwa Mwalimu Gakiza, alfabeti ilisomwa hadi kuku wakahama. Kwa Maimouna hakukusikika kitu. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Kutoka 94 wakabaki 61, na kwa sheria ya kamati ya shule, darasa lenye chini ya watoto 60 hufungwa.

Mwezi Juni mwaka jana mkutano ukaitishwa kulijadili darasa hilo. Mwenyekiti wa kamati, Lukman, mfanyabiashara wa mitumba, au kaunjika kama Wamalawi waitavyo, alikaa na mgongo wake umeelekea mlango wa darasa. Alivaa koti la kijivu ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, shemeji alikuwa amemtumia kutoka Bruxelles, Ulaya.

"Mi napita hapa kila siku," alisema. "Darasa ya Gakiza naisikia mpaka ku soko. Ya Mwalimu Maimouna, hapana. Tunaleta batoto kusoma ao kulala sieste?"

Watu wakacheka, kisha wote wakasema kwa pamoja. Maimouna alisimama kujibu, hakuna aliyemsikia.

"Nikipandisha sauti, koo inarudi kule ilitoka," anasema. "Nikinyamaza, darasa imekufa."

Ndipo Elodie alipotoka darasani, polepole, akamfuata mwenyekiti na kumgusa kiwiko. Lukman akainama. Mtoto akamwambia jambo. Lukman akauliza tena, akaambiwa tena.

Hakuna kinachonyamazisha mkutano wa Dzaleka kama mtu kuambiwa jambo sikioni. Watu zaidi ya mia walifunga mdomo ili wasikie, wengine wakanyanyuka kabisa kwenye mabenchi. Hawakuambulia neno.

Mwenyekiti alivua koti taratibu, akalikunja, akaliweka mapajani. "Darasa ibaki," alisema. "Mutoto anasoma."

Kwa wiki mbili kambi nzima ilikosa usingizi. Wapo walioapa kwamba mtoto alitabiri, na wapo waliosema alitaja jina la mwanamke. Mwishowe Lukman alisema mwenyewe, na ameruhusu liandikwe.

Koti lilitoka kwenye meza yake mwenyewe ya mitumba, katika bunda alilonunua soko la Tsoka, Lilongwe, na chini ya kola kulikuwa na karatasi ya bei.

"Ananiambia, Papa Lukman, ku mugongo yako iko saba, tano, sifuri, sifuri. Nikamuuliza, nani alikufundisha? Akasema, Mwalimu. Na alinisemea mi peke yangu. Angekuwa wa darasa ingine, leo mi nimehama hii kambi."

Wazazi walirudisha watoto mmoja mmoja, na Gakiza naye ameanza kuchuchumaa. Katika kipimo cha mwisho, sugu ya Elodie ilikuwa imepungua sana. Sauti yake sasa ni ya binti, ingawa jina la Papa limegoma kuondoka. "Zamani akiimba nilikuwa nasikia nguvu," anasema Cishahayo. "Sasa nasikia maneno."

Mwezi ujao, akipata kibali cha kutoka kambini, Maimouna atakwenda Nsungwi, Lilongwe, ambako chekechea moja imemwomba akae na walimu wake kwa siku mbili. Anataka baada ya hapo aifikie kila chekechea iliyo njiani kati ya kambi na mji. Kichewa chake, anakiri, ni cha kununua nyanya na kusema zikomo, yaani asante.

"Lakini banasema kule iko batoto mia na ishirini, na walimu babili ba sauti imekwisha," anasema huku akifunga kitenge vizuri. "Bale tutasikilizana. Hakuna kati yetu mwenye kuweza kupiga kelele."