Mto Aliouonyesha Mzee Hezekia

Mzee Hezekia amewaongoza wageni miaka ishirini na miwili, kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa genge, kuwaonyesha mto unavyopinda kule chini nyikani. Ulijikunja kama kiwiko, kijani kando yake, kwingine kote vumbi jekundu. Mimi, Dotto, yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na inachosha. Kupanda, maneno yale yale, kushuka.

Mwaka juzi macho yake yaliingia ukungu. Njia aliijua kwa miguu, hivyo hakumwambia mtu. Hana shamba la maana, na mwongoza wageni asiyeona nani atamchukua? Nilijua, nikanyamaza.

Masika yaliyopita mafuriko yaliikata kona ile. Mto sasa umenyooka, kona imebaki mchanga mtupu. Hezekia akaendelea kunyoosha fimbo: "Tazameni unavyopinda, na mikuyu ile." Wageni walitazama, wakanitazama mimi, wakajibu, "Tunauona, mzee." Nani atambishia mzee baada ya kumpa shikamoo? Mimi ndiye niliyepaswa kusema. Nilijiona mwenye adabu, kumbe mwoga tu.

Jumamosi tulipanda na walimu kutoka Tanga. Tulipofika Hezekia akaipa nyika mgongo, akanyoosha fimbo kwenye msitu tuliotokea, ambako hakuna mto wowote.

"Mnauona unavyopinda?"

Walimu wakaangaliana. Mwalimu Sabra, aliyekuwa karibu naye, akasema taratibu, "Tunauona, baba."

"Na wewe, Dotto?"

Mdomo ulinitangulia. "Nauona, mzee."

Akashusha fimbo. Hakukasirika, heri angekasirika. "Nimewaonyesha msitu makusudi. Zamani watu wakifika hapa walipiga kelele," alisema. "Siku hizi wanakohoa. Kuna nini huko chini?"

Nikamweleza yote mbele ya walimu wale, mafuriko na mchanga, uso ukiniwaka kwa aibu. Akauliza mikuyu imebaki mingapi. Nikamwambia hakuna hata mmoja.

Akakaa juu ya jiwe, akajifuta macho kwa kiganja. "Nimechoka, Dotto. Waeleze wewe."

Nikawageuza walimu upande wa nyika, nikaanza kueleza mto ulivyo sasa, unaanzia wapi, unakatiza wapi. Nyuma yangu nikamsikia mzee akirudia kila neno kwa sauti ya chini, ili alishike.