Derick Alivyofuata Mfumo Mfaranyaki

Severina wa Peramiho hakuwa mtu wa kusamehe haraka. Alikuwa mhandisi wa programu, na huko Dar es Salaam, katika taasisi moja ya utabiri wa hali ya hewa, ndiye aliyetengeneza mfumo endeshi wa kompyuta yao kuu, ile yenye maelfu ya vichakataji vinavyosaidiana kufanya hesabu moja. Kazi ile ilimla miaka. Aligundua kwamba kichakataji kimoja kikisimama kushughulikia vijikazi vya pembeni, vingine vyote vinakaa kukisubiri. Akaviondoa vijikazi hivyo mpaka mashine ikawa inakimbia.

Sifa akazibeba bosi wake, Derick. Alisimama mkutanoni akasema mfumo ni wake. Severina alipopinga, mkataba wake haukuongezwa. Akarudi Songea kwa shangazi yake Lidwina, mtaa wa Mfaranyaki, akawa anawatengenezea wenye maduka programu za mauzo. Kila akilikumbuka jina la Derick, meno yalimsagika.

Mwaka huu taasisi ikaongeza vichakataji. Derick, asiyejua kwa nini vile vijikazi viliondolewa, akavirudisha. Mashine ikaanza kujikokota. Utabiri wa kesho ukawa unatoka keshokutwa.

Asubuhi moja mkurugenzi wa taasisi akampigia Severina. Severina akamweleza kosa lilipo na kumtumia marekebisho palepale.

"Derick naye yuko kwenye basi, anakuja kwako," mkurugenzi alisema.

"Msimwambie kitu. Mwacheni afike."

Alasiri bodaboda ikamshusha Derick mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Severina, dada yangu, nisaidie. Nitafukuzwa."

"Mfumo ni wa nani?"

"Wako."

"Usiniambie mimi. Waambie wenzako." Akapiga simu kwa mkurugenzi, akaweka sauti ya juu na kumwomba naye aweke, ofisi nzima ikisikiliza.

Derick akasema yote: kwamba aliiba kazi, akadanganya, akamponza mwenzake. Simu ilipokatwa akafuta jasho. "Haya, nipe marekebisho."

"Walishayapata asubuhi."

Derick akageukia mlango. Lidwina, aliyesikia yote akiwa jikoni, akatoka.

"Mwanangu, umemchoma mno. Ale basi, ndipo aende."

"Ale tu, shangazi. Ugali upo."

Severina akaketi mbele ya Derick, akamtazama akimeza kila tonge kwa shida, na roho yake ikatulia kuliko siku zote tangu arudi.

Baadaye alirudishiwa kazi, akakubali kwa sharti aifanyie Songea. Derick akahamishiwa stoo ya vifaa. Mkurugenzi alipouliza kama adhabu hiyo inatosha, Severina alijibu, "Mimi sijasema inatosha."