Kizuizi Ndani ya Nyumba ya Mazimwi

Nilijikojolea mbele ya boga, na ukoo wangu wote uliona.

Nilikuwa na miaka saba. Ilikuwa likizo ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya Brussels. Maman alikuwa amepewa tiketi kazini kwake, nyumba ya wazee kule Uccle, na hakuwa mtu wa kuacha kitu cha bure kipotee, hata kama padri wetu alikuwa amehubiri kwamba Halloween ni sherehe ya shetani.

"Tutapanda manège tu, ile michezo ya kuzunguka," alisema. "Bintu bya shetani hatutaangalia."

Wakati ule vitu vya shetani vyenyewe vilikuwa haba. Halloween ilikuwa bado ngeni kwetu na, nadhani, hata kwa bustani yenyewe. Kulikuwa na marobota ya majani makavu, maboga yaliyotobolewa macho, buibui wa plastiki juu ya kibanda cha chipsi, na mfanyakazi mmoja aliyevaa boga kubwa la sponji, akigawa peremende mlangoni. Aliinama kunisalimia. Nilisikia mtu akipumua ndani ya lile boga, pumzi nzito ya mtu aliyechoka, na miguu yangu ikalowa.

Aliyecheka wa kwanza ni tonton, mdogo wake maman. Alikuwa amefika kutoka Bukavu miaka michache kabla, baada ya vita, na alikuwa akiishi Saint-Josse juu ya duka la simu. Tangu siku ile hakuna ubatizo, komunyo wala Bonane ya Mwaka Mpya iliyopita bila yeye kusimama na chupa mkononi.

"Bon, munyamaze! Mutoto anaona boga. Boga! Kule kwetu tunapika na majani yake. Sasa hii boga inamusalimia: bonjour, ma petite. Na yeye..." Hapo humimina bia kidogo kwenye glasi tupu, kutoka juu, ili sauti isikike. "Tchiiii!"

Watu walianguka kwa kicheko. Watoto waliozaliwa baada ya siku ile waliijua hadithi kuliko mimi. Waliniita Citrouille, yaani Boga. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nina ufunguo wa nyumba na kadi ya benki, na bado walikuwa wananiita Citrouille.

Hadithi ya boga haikusimuliwa peke yake. Ilitanguliwa na hadithi ya kizuizi, barrière, ile miti wanayolaza askari barabarani. Tonton aliigiza askari mlevi anayemmulika tochi machoni: "Unatoka wapi? Unaenda wapi? Umebeba nini?" Kisha akajiigiza mwenyewe akitoa sigara, askari akiomba na kiberiti, na mwisho wote wawili wakivuta pamoja kama mashemeji. Tulicheka sana. Katika hadithi ya kwanza yeye hakuogopa bunduki. Katika ya pili mimi niliogopa chakula. Ndivyo zilivyopangwa, na nilielewa vizuri kwa nini.

Nitasema wazi nilichotaka maishani: nilitaka ile hadithi ife. Sikutaka kusamehewa wala kuhurumiwa. Nilitaka kumwona tonton akiogopa, mara moja, mbele yangu, halafu afunge mdomo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nakagua mlango niliokwisha kuufunga. Kitu kikikosewa kidogo nakiharibu chote. Sikusomea kazi yoyote. Nilijifunza kutengeneza majeraha ya bandia mwenyewe, chumbani kwetu Auderghem, kwa kutazama video. Nilianza na karatasi ya chooni, unga na kakao, kisha nikapata lateksi, ule utomvu wa mpira. Nilibandika, nikabandua, nikabandika tena, mpaka ngozi ya mkono ikavimba kweli na ikabidi nifunike jeraha la kweli kwa la bandia. Maman alipoingia alisema tu, "Ile haifanane na kidonda. Damu ikikaa inakuwa nyeusi." Akatoka. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaitia weusi.

Bustani nayo ilikuwa inakua. Kila mwaka tulirudi na tiketi za maman, na kila mwaka kulikuwa na kitu kipya: kwanza mashine ya moshi, kisha wachawi wanaotembea juu ya magongo marefu, kisha nyumba moja ya giza kwa vijana, kisha nyumba kadhaa zenye mabango ya onyo mlangoni. Wadogo walitengewa upande wao, wenye wachawi wapole na rangi za kupaka usoni. Wakubwa walipanga foleni upande wa pili ili watukanwe na kukimbizwa. Boga la sponji lilibaki mlangoni, kwa ajili ya picha.

Nilipoajiriwa huko kuwa zimwi, fundi mmoja mzee aliniambia kwamba zamani mwezi wa Oktoba walikuwa wakifunika treni za michezo kwa maturubai na kwenda nyumbani. "Sasa Oktoba ndiyo inatulisha," alisema. "Watu hawaji kwenye baridi kwa ajili ya furaha. Kwa ajili ya hofu wanakuja."

Mkuu wa mazimwi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kikohozi. Alitufundisha asubuhi moja tu. Msimguse mtu. Msivue uso wa bandia mbele ya mgeni, hata akilia, hata akizimia, kuna watu wa kushughulika naye. Atakayevua uso hatarudi ndani ya nyumba. Kisha akatufundisha kuchagua. "Kila kundi lina anayetembea mbele na anayejificha katikati. Anayetembea mbele amekwisha kujiandaa. Mchukueni wa katikati."

Nilikuwa hodari kupita wote. Wengine walipiga kelele. Mimi nilijua hofu inakaa wapi mwilini, kwa sababu inakaa kwangu kila siku.

Mwaka ule nyumba yetu ilikuwa kambi ya askari waliooza kwa ugonjwa. Nilijitengenezea taya iliyoachana na uso, meno nje, damu nyeusi kama maman alivyosema. Lakini bado haikunitosha. Nikamwomba fundi anitengenezee miti miwili ya rangi nyekundu na nyeupe, mmoja mbele ya wageni na mmoja unaoanguka nyuma yao, ili wafungiwe katikati. Nikaomba tochi. Na kwa kuwa mkuu alisema lugha usiyoielewa inatisha zaidi, nikawa nawanong'oneza Kiswahili, nikiwamulika machoni mmoja mmoja: "Unatoka wapi? Unaenda wapi? Umebeba nini?"

Vijana wa Kiflemi waliwalilia mama zao. Mkuu alikuja kutazama, akakohoa, akasema mwakani nitawapaka rangi mazimwi wote. Niliichukua hadithi ya kuchekesha ya tonton nikaifanya kazi bora, na sikuona lolote la ajabu. Nilizaliwa hapa. Barrière kwangu ilikuwa kichekesho cha Bonane.

Tonton alisikia. "Citrouille anatisha bantu? Nitakuja kuona. Nitakubebea couche, nepi kama ya bébé."

Alikuja jioni, saa ya giza kuanza kuingia. Maman alibaki na watoto wa tonton upande wa wachawi wapole. Yeye aliingia nyumba yetu ya mazimwi na kundi la watu wasiomjua, na nilimwona kutoka mahali pangu pa kujificha. Hakuwa mbele. Alikuwa katikati.

Nilifurahi.

Niliacha wafike kwenye mti wa kwanza. Niliangusha wa pili nyuma yao. Nikahesabu pumzi zangu, nikatoka taratibu, nikawapita wote, nikamwashia yeye tochi machoni.

"Unatoka wapi?"

Alipiga magoti. Hakuanguka, hakujikwaa, alipiga magoti kama mtu anayetii, akaweka mikono nyuma ya kichwa, vidole vimefungana, akainamisha uso. Alifanya yote bila kufikiri, jinsi mtu anavyovua viatu akiingia nyumbani kwake. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia: "Sina kintu, chef. Niko na batoto."

Hakukuwa na sigara katika hadithi hii.

Nyuma yake wasichana wawili walicheka na mmoja akapiga makofi; walidhani ni mmoja wetu. Niliing'oa taya na ngozi yangu ikachubuka. "Tonton, ni miye. Tonton, ni miye tu."

Alinitazama. Kisha akatazama wale wanaocheka, akasimama, akapangusa magoti ya suruali.

"Nilijua ni weye," akasema. "Nilikuwa nakuchezea."

Kamera ya usalama ilikuwa imeona uso wangu. Mkuu hakunigombeza, alinyoosha tu mkono apewe tochi. Siku zilizobaki nilizimaliza mlangoni, ndani ya boga la sponji, nikigawa peremende. Ndani kuna joto baya, na mtu hana budi kupumua kwa nguvu.

Bonane ilifanyika kwetu. Nilingoja. Baada ya samaki, tonton alisimama na chupa.

"Munyamaze! Citrouille ananitokea, mudomo yote imeoza, vrai soldat, askari kabisa. Miye nasimama, namuangalia. Anaona siogopi. Anaanza kutetemeka yeye! Anatoa mudomo yake, analia: Tonton, ni miye! Unipeleke kwa maman!"

Maman alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Watoto wa tonton walinirukia: "Zimwi inajiogopa! Zimwi inajiogopa!"

Ningeweza kummaliza kwa sentensi moja. Nilinyamaza, na wema haukuhusika. Nilikuwa nimeiweka ile sentensi pembeni ya sahani, kama nyama inayoliwa mwisho. Kila aliposimulia tena, na alisimulia kila mahali, alinitupia jicho kabla ya kuanza. Nililiacha jicho langu likae juu yake kwa muda kidogo zaidi kuliko inavyohitajika. Nilipenda kumwona akimeza mate. Niliingoja hiyo sehemu kuliko keki.

Kisha ikaja komunyo ya mwanawe mkubwa, katika ukumbi wa kukodi Saint-Josse, watu wengi, hata wazee wa kanisa. Tonton alivaa suti mpya. Alifika pale anaposema, "Miye nasimama, namuangalia."

Nilijinyoosha kama mtu aliyechoka. Niliinua mikono, nikaiweka nyuma ya kichwa, nikafunganisha vidole.

Mdomo ulibaki wazi, chupa ikainama, bia ikamwagikia kiatu.

"Alors?" maman akasema. "Maliza, ndugu yangu."

"Papa, maliza!" mwanawe akapaza sauti, amesimama juu ya kiti na suti yake nyeupe. "Alilia namna gani?"

Tonton hakuweza. Alitazama chini kwenye kiatu kilicholowa. Ukumbi ulianza kumtazama, na kama ningeacha hali iendelee kidogo tu wangeanza kuuliza.

Nikaimaliza mimi. Nililia kwa sauti ya mtoto. Nilijifanya nang'oa taya, nikatoa kamasi, nikamwita maman. Niliongeza hata mkojo, ambao haukuwamo, nikachukua glasi tupu na bia ya jirani yangu na kuimimina kutoka juu. Niliisimulia vizuri kuliko yeye. Kila kitu kilikaa mahali pake. Walicheka kuliko walivyowahi kumchekea tonton, na mwanawe akaanguka kutoka kwenye kiti.

Tonton peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yangu, ambayo sasa ilikuwa mezani karibu na sahani ya makayabu, samaki wa chumvi. Kelele zilipopungua aliniinamia, akaniuliza taratibu kama nahitaji kinywaji.

Nikasema ndiyo.

Akaenda kuniletea.