Fundi Wangu Aliyefia Ruiru

Nilipofungua barua ile nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

"Fundi wa baiskeli!"

"Fundi gani?"

"Wangu, mama. Yule wa hadithi yangu."

Mama alinitazama, akasonya, akarudi kwa ugali wake. Lakini mimi nilikuwa nawaka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau waliojificha msituni. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya. Baba alikuja Thika kufanya kazi kwenye shamba la mkonge. Rafiki yangu alikuwa msichana Mkikuyu wa Ruiru. Tulisoma pamoja shule ya misheni, na kwa kuwa sikujua Kikikuyu wala yeye hakujua lugha yetu, urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili. Shule ilipokwisha akaajiriwa kiwandani huko Ruiru kuchambua kahawa. Watu wao hawakuruhusiwa kutembea bila pasi, kwa hiyo tukabaki na barua tu.

Na barua zenyewe! Kila wiki nilimtumia kurasa nne za daftari, kipande cha riwaya yangu ya kwanza. Fundi wa baiskeli mwenye maringo, kofia kaiweka upande, anamchumbia mjane muuza uji. Rafiki yangu aliisoma nyumbani, na kesho yake akawasimulia wanawake wenzake mezani huku mikono yao ikitoa kahawa mbovu. Kisha ananiandikia walivyosema. "Wanataka mjane amkatae kwanza, asijirahisishe." Wee, nilisoma hayo nikirukaruka! Msichana wa miaka kumi na tisa, na meza nzima ya wanawake inamngojea fundi wangu!

Halafu nikashikwa na malaria. Wiki tatu sikuandika hata mstari. Nilipopona niliandika harusi, harusi tamu ajabu, mjane kavaa viatu kwa mara ya kwanza, nikaituma mbio. Jibu ndilo lililonipigisha kelele. "Harusi haiwezekani. Ulikawia, wanawake wakadai, nikaendelea mwenyewe. Fundi ameshakufa. Tulimlilia wiki nzima."

Ati walimlilia! Nilimjibu siku hiyo hiyo, kalamu ikitoboa karatasi. Mtu wangu, nimemlisha, nimemvisha, wewe unamuua bila hata kuniuliza? Umfufue, ama urafiki uishe.

Akajibu maneno mawili. "Njoo usikie."

Nikaenda, tena kwa hasira. Sisi wa magharibi hatukusumbuliwa sana njiani. Nilipanda treni ya asubuhi na safari nzima nikawa napanga matusi, ya kuanzia na ya kumalizia. Nilipomwona mlangoni mwa kiwanda cha kahawa tukakumbatiana, matusi yakangoja kidogo. Akaniketisha mezani, akawaambia wenzake mimi ni mgeni tu. Nikasikia mmoja akisema, "Haya, tusimulie tena ile ya fundi."

Akawasimulia. Fundi aliondoka asubuhi kurudisha baiskeli ya mtu, hakurudi. Hakuna aliyeleta habari wala mwili. Kofia yake ikabaki msumarini. Kila jioni mjane alimmiminia uji wake bakulini, ukapoa, akaunywa mwenyewe. Ni hayo tu. Mimi ningetumia kurasa thelathini.

Nilipoinua macho, meza nzima ilikuwa inalia. Mikono haikusimama, kahawa mbovu huku, nzuri kule, na machozi yanaanguka katikati. Nyapara akaja.

"Mnalia nini nyinyi?"

"Hadithi tu, bwana."

Akacheka, akapita.

Wakati wa kupumzika nilimvuta rafiki yangu nje. "Mbona umemuua? Hata kaburi hukumpa!"

Akatazama kushoto na kulia kabla ya kusema. "Kaka yangu aliingia msituni, hajarudi. Yule mama aliyeketi karibu nawe, wanawe wawili. Barua zangu zinafunguliwa na serikali, ningekuandikiaje? Wetu tukiwalia, askari wanatuuliza walikuwa wapi. Fundi wako hakuna anayemtafuta."

Mungu wangu! Kaka yake nilimjua, ndiye aliyekuwa akimletea sabuni shuleni, na kipande kingine ananipa mimi. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimwandikia rafiki yangu juu ya harusi na viatu. Niliona aibu. Matusi yangu yote, sikulipata hata moja.

Tuliporudi mezani, yule mama wa wana wawili akanigusa mkono.

"Wewe mgeni, huyo fundi ulimjua?"

"Nilimjua, mama."

"Pole sana, mwanangu."

Hapo nikalia kwa sauti, mimi niliyekuja kugombana. Hakuniambia ninyamaze. Alinisogezea rundo la kahawa mbele yangu ili nyapara akipita anikute na kazi, nami nikaanza kuchambua. Fundi sikumfufua.