Nilimupa Mutoto Wangu Jina la Kumuchoma Mama Mukwe

Mufiche jina yangu, na picha musiweke. Niko mama wa miaka sabini na kitu, ninaishi Murara hapa Goma, na bwana yangu yuko kitandani tangu Pasaka. Ninaandika mwenyewe na kidole kimoja, basi muvumilie. Na wale ambao hawajawahi kuishi nyumba moja na mama mukwe, wanyamaze kwanza.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, ile miaka serikali ilipokataza majina ya kizungu na ya ubatizo. Bwana yangu alikuwa mwalimu. Mama yake alitoka Rutshuru akaja kuishi kwetu, mama wa rozari na misa ya kila asubuhi, mwenye mudomo wa kukata kama wembe. Mimba zangu mbili zilikuwa zimetoka. Kila mugeni akiingia, alimuonyesha mimi kwa kidevu: "Huyu naye, tumbo yake haishiki." Nilikuwa ninasonga ugali, ninasikia, ninameza. Nilimuchukia, nasema wazi. Nilipozaa musichana muzima, alifungua kitambaa, akaangalia, akafunga. "Binti," akasema. Akarudi kwa chai yake.

Bwana yangu yeye alifurahi mupaka akakosa usingizi. Alikuwa na kaye moja, daftari ya shule, ambamo aliandika majina ya miungu na mashujaa wa hadithi za dunia nzima: Atena, Diana, Isis, Freya. Aliyapenda kuliko chakula. Akaenda komine, kwa ofisi ya kuandikisha watoto, kuuliza kama Isis litapita. Karani akamuambia: "Citoyen mwalimu, hilo la kizungu." Bwana akasema hapana, ni la Misri, na Misri iko Afrika. Karani akamujibu: "Misri iko zone gani ya Zaïre? Leta jina la mababu." Alirudi amenuna, kaye chini ya kwapa.

Sasa, kwetu siku ya nane tunaita jina. Watoto wa majirani wanaketi kwenye mukeka, wanakula, kila mumoja anataja jina analotaka, halafu baba ya mutoto anasema lile litakalobaki. Na kwetu jina ni ujumbe. Mutu akigombana na jirani, anaweza kumujibu kwa jina la mutoto wake, na jirani anaelewa. Siku mbili kabla ya siku ile, mama mukwe alitangaza kwamba amekwisha kuchagua: jina la kikwetu lenye maana "Tungali Tunangoja." Ni kusema wanangoja kijana. Mutoto wangu, niliyemulilia miaka mine, aitwe hivyo mupaka kifo? Mama yangu! Nikasema moyoni, utaona.

Kulikuwa mama mumoja wa Rutshuru, muuza maharagi sokoni, aliyeniambia siri. Mama wa mama mukwe wangu alikuwa mutumishi wa Nyabingi, yule mama mukubwa wa hadithi za zamani, mwenye vingi, ambaye wazee walimutolea pombe na mbuzi. Watu wa kilima walikuja kwake kuuliza mambo. Mama mukwe aliona haya sana, akabatizwa, akaficha kabisa. Ata mwana wake hakujua.

Basi nikamuendea bwana yangu, sauti laini. "Papa, kwa kaye yako mbona hakuna wa kwetu? Nyabingi si mukubwa kama hao wa wazungu? Na komine watakubali mbio." Macho yake yakawaka. "Mama, una akili," akaniambia. Alinishukuru! Mukisoma hapa munitukane, ni haki yenu.

Siku ya nane nyumba ilijaa. Watoto wakala, wakataja yao. Bwana yangu akasimama na koti yake ya abacost, akanyanyua mutoto. "Anaitwa Nyabingi."

Mama mukwe aliweka kikombe chini. Alimuangalia mwana wake. "Nani alikuambia?" akauliza. Bwana, maskini, akafikiri anauliza habari za elimu. Akacheka: "Mama, mimi nilisoma!" Wageni nao wakacheka. Yule mama akaona mwana wake amemuanika mbele ya watu. Akafunga mizigo yake, akarudi Rutshuru siku ileile.

Nilishangilia jikoni. Ndiyo, nilishangilia.

Bwana yangu alimufuata mara nyingi. Alipeleka kitenge, alipeleka mutoto, mulango ulifungwa. Miaka ikapita. Mama yake alipokufa, alikuwa ameacha neno: huyu mwana asitupe udongo kwenye kaburi yangu. Wajomba wakamuzuia. Nilimuona bwana yangu amesimama barabarani, kofia mukononi, watu wakizika mama yake. Ningeweza kusema siku ile. Nikaogopa atanifukuza, nikanyamaza.

Binti naye aliteseka. Kwa katekisimu walimuita mupepo. Posa ya kwanza ilivunjika sababu ya jina. Mupaka leo anamuchukia baba yake.

Wiki iliyopita binti alikuja kumuona. Bwana akamushika mukono, analia: "Mwanangu, nisamehe lile jina. Sijui nilimukosea nini mama yangu, sijui nilikukosea nini wewe." Binti akavuta mukono wake, akatoka. Mimi nilikuwa palepale, ninachambua mboga ya lengalenga, na sikufungua kinywa.

Yule mama mukwe, sitadanganya, ata leo simuonei huruma. Lakini bwana yangu anakufa akiwa na kosa langu, na kila asubuhi ananiuliza mimi, mimi hasa: "Mama, wewe ulikuwapo. Nilifanya nini?"

Daktari alisema siku si nyingi. Nikimuambia, atakufa akijua amelala na adui yake miaka yote hii. Nikinyamaza, atakufa akijilaani. Wasomaji, nisaidieni, nimujibu nini kesho asubuhi?