Siku Tuliyoipamba Shule Mbovu

Mwalimu Mkuu aliandika kwenye grupu la wazazi kwamba Alhamisi injinia wa halmashauri angekuja kukagua madarasa. Akisema majengo ni mabovu, shule itaingizwa kwenye bajeti na tutajengewa ghorofa. Akisema bado yanafaa, hatupati kitu, na darasa la pili, lililokuwa likisomea kwenye stoo ya zamani, litahamishiwa, kwa kukosa chumba, shule ya mbali, ng'ambo ya barabara mbili kubwa. Mjukuu wangu alikuwa darasa la pili. Huyo mtoto akiona paka anasahau kama kuna magari duniani. Nililitaka lile ghorofa kuliko mtu yeyote pale Kariakoo.

Sasa, watu wenye akili zao wangefanya nini? Wangeuacha ubovu ujieleze wenyewe. Sisi tuliitisha kikao.

"Mgeni atoke halmashauri, aje akute shule inanuka popo?" alisema jirani yangu, muuza viatu vya mtumba kule Mchikichini, mwanamke asiyehitaji kipaza sauti. "Si atasema wazazi wa hapa wachafu?"

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Mtu wa mjini mwambie hana hela, mtacheka wote. Mwambie mchafu, umetangaza vita. Na mimi kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi, kwa hiyo macho yote yalinigeukia mimi.

Jumatano tukapaka chokaa. Kwenye ukuta wa ile stoo kulikuwa na ufa ulioanzia karibu na sakafu ukapanda mpaka chini ya paa. Nikaufunika kwa satini ya rangi ya dhahabu, ile ninayoiweka nyuma ya viti vya maharusi, nikaikunja mikunjo mizuri na kuchomeka maua. Kusema kweli ilipendeza, na nilijisifu mwenyewe bila kumsubiri mtu. Jirani akachukua jukumu la pilau. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Injinia alikuja asubuhi, kijana mwembamba mwenye shati jeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Akazungushwa shule nzima huku watoto wakimwimbia. Kwenye stoo alisimama mlangoni, akaitazama satini yangu, akatabasamu.

"Aisee, nyie mbona mko poa?" alimwambia Mwalimu Mkuu. "Kuna shule nimetoka juzi, ile ndiyo hoi. Hapa mnaweza kusubiri."

Wazazi wenzangu waliendelea kuchekelea, maana walikuwa wamesifiwa. Mimi nilimwona mjukuu wangu katikati ya barabara anaita paka.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikasema. Nikaishika satini, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ilishuka na maua yake na vumbi la chokaa, vyote vikamwishia yule kijana kwenye shati.

"We mama, una wazimu?" jirani alikuja mbio na mwiko mkononi. "Unatuvua nguo mbele ya mgeni!"

"Bora tuvuliwe!" nilifoka, maana mimi nikikasirika adabu huwa inaniaga. "Tumeomba darasa, hatujaomba mchumba!"

Watu wakaangua kicheko. Injinia hakucheka. Alijipangusa, akausogelea ukuta, akaingiza vidole kwenye ufa, kisha kiganja, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Huko nje, uchochoroni, mtu akapiga yowe kuona mkono unatoka ukutani.

Alipouchomoa, uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza taratibu, "Hapa chini anakaa nani?"

Chini ya ufa lilikuwa dawati la mjukuu wangu, anayekaa na kitindamimba wa jirani yangu. Muda wote ule tulikuwa tumepigania jengo jipya, tukagombana, tukapanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuogopa ule ukuta. Mimi nilikuwa nimeupamba.

"Ripoti naiandika leo, na nitaieleza hali hii kama nilivyoiona," alisema. "Lakini kuanzia sasa hivi mtoto asiingie humu."

Fedha zilipitishwa kwenye bajeti iliyofuata, ghorofa likajengwa, na darasa la pili halikuhamishwa. Lakini siku ile hakuna aliyeshangilia. Pilau lilipoa kwenye sufuria. Jirani aliweka mwiko dirishani, akashika upande mmoja wa lile dawati, nami nikashika wa pili, tukalitoa hadi uani. Tulipolitua, alikaa juu yake, mtu mzima yule, magoti yakimfika kidevuni, akaanza kulia. Nami nikajibana kando yake, mahali anapokaa mjukuu wangu.