Zilizolala Juu ya Figo

Mimi ni mtu wa bucha. Nimezaliwa Uchaggani, kwenye familia ambayo mtoto wa kiume hujua kugawa mbuzi kabla hajajua kuandika jina lake, na nilipohamia Arusha nikafungua bucha Sekei, barabara ya kupanda mlimani. Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba juu ya figo zangu kuna tezi mbili zilizolala usingizi, nilimbishia palepale.

"Daktari, figo nazijua. Nimezitoa kwenye ng'ombe tangu kijana. Juu ya figo kuna mafuta, basi."

Alikuwa mama wa makamo, mpole, na hakukasirika. "Kesho ukiwa machinjioni, mzee, yapasue hayo mafuta taratibu," akasema. "Halafu uje tugombane."

Kilichonipeleka kwake ni vidonge. Miaka kadhaa kabla ya hapo viungo vilinianza. Niliamka asubuhi vidole vimevimba na vimekakamaa, kisu kinaniponyoka kama nimelewa. Nikaisingizia baridi ya Meru. Majirani wakasema ni baridi yabisi, wakanipa mafuta ya kuchua. Hospitali wakanipa prednisoloni, na baada ya siku chache nilibeba paja la ng'ombe peke yangu nikalitundika kwenye ndoano huku naimba. Niliona muujiza. Lakini kila nilipojaribu kuviacha, mikono ilivimba upya, basi nikaendelea. Zamani dawa ya namna hiyo uliitafuta mpaka kwa wanaovuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya dawa yameota kila kona, na kuipata halikuwa tena jambo la kukuumiza kichwa.

Nikanenepa. Uso ukawa mviringo kama sinia, shingo ikapotea. Watu wakafurahi. "Mangi, ruksa imekukubali!" wakanipigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara, nami nikacheka nao, maana hakuna anayenunua nyama kwa mchinjaji aliyekonda. Sikuwaambia kwamba usiku miguu iliniuma mpaka mifupani, wala kwamba jicho moja limeanza kuona ukungu.

Daktari yule ndiye aliyeniambia ukweli. Sukari imepanda, mifupa inalika, jicho linaharibika, na vyote vinatokana na vidonge. Atanipa dawa nyingine ya viungo, ila hivi lazima niviache. Nikamwambia vizuri, leo hii nitavitupa chooni.

"Ukivitupa utakufa," akasema. Akanieleza kwamba kila alfajiri, kabla mtu hajafumbua macho, zile tezi hutengeneza kitu kinachomwinua kitandani. Kidonge changu ni mfano tu wa kitu hicho. Kwa kuwa nimekileta kutoka nje miaka mingi, zenyewe zimeona hazina kazi, zikalala. Nikikata ghafla, siku nikipata malaria kali nitaanguka na sitainuka. Lazima kuziamsha polepole, kidogo kidogo, kwa miezi. "Na sikufichi, mzee. Za watu wengine huchelewa sana. Nyingine haziamki kabisa."

Kesho yake machinjioni nilichukua figo ya kwanza na mafuta yake, nikayapasua kwa ncha ya kisu. Ilikuwepo. Kitu kidogo cha rangi ya kahawia, umbo kama moyo wa kuku, kimejificha ndani ya mafuta. Upande wa pili mwenzake, mrefu kidogo, kama harage kubwa. Nikachana kimoja katikati nikaona kina tabaka la nje na tabaka la ndani, kila moja na rangi yake. Nilisimama pale damu ikinikaukia mikononi. Kwetu kila kipande cha mnyama kina mwenyewe. Kuna cha baba, kuna cha mjomba, kuna cha akina mama, na ukikosea ugomvi wake haufi. Hiki hakikuwa na mwenyewe. Maisha yangu yote nilikuwa nikikikata pamoja na mafuta na kuwatupia mbwa, na kumbe ndicho kinachomsimamisha ng'ombe asubuhi. Nilishangaa tu.

Mshangao ukanipa akili mbaya. Mtu aliyepungukiwa damu si tunamlisha maini? Basi na mimi nikaanza kuzikusanya zile tezi, nikazichoma kwa chumvi na kuzila kila asubuhi kabla ya chai. Ni chungu kidogo, zinanata kwenye meno. Nilipomweleza daktari, tena kwa kujisifu, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mzee, zako zimelala kwa sababu zinaletewa. Sasa umeongeza wa kuleta?"

Nikaziacha. Tukaanza kazi yenyewe, na hapo ndipo mke wangu alipochukua madaraka. Mikono yangu hii inapasua uti wa mgongo wa ng'ombe kwa shoka, lakini kidonge nikikikata kinakuwa unga. Yeye alikaa mezani na wembe, akakigawa nusu, baadaye robo, akafunga kila kipande kwenye karatasi na kuniwekea kwenye mfuko wa koti jeupe la bucha.

Kila tulipopunguza, mwili ndio uliolipa. Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Harufu ya nyama, ambayo ndiyo maisha yangu, ikanichefua. Kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani nilipumzika njiani kama bibi kizee, na machinjioni akawa anakwenda shemeji yangu. Na nikakonda. Uso ulishuka, shingo ikarudi, suruali nikazifunga kwa mkanda wa zamani. Msomaji aliyekuwepo miaka ile anajua mtu akikonda aliambiwa ana nini. Ngoma, yaani UKIMWI. Wateja wangu wa siku nyingi wakawa wanapita mbele ya bucha yangu wakitazama mlima, kana kwamba Meru imewekwa pale jana.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwaya, akakaa bila kuvua kitenge cha kichwani. "Baba watoto, rudia vile vidonge. Rudia, unenepe. Watu wananiangalia kama mjane tayari."

Nilimfokea. Nilimwambia wanakwaya wakaimbe waache kupima watu kilo. Kisha nikatoka, nikaenda mpaka mlangoni pa duka la dawa, na nikasimama pale nikiyatazama makopo kwenye shelfu. Niliogopa. Sikuogopa maneno ya watu, niliogopa kwamba zangu ni zile zisizoamka, na kwamba nateseka bure. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Tukafika kwenye robo, robo moja siku moja, siku ya pili kupumzika. Huko tulikaa sana. Nikaanza kwenda machinjioni mwenyewe, mara mojamoja, kisha kila siku, na sikutilia maanani.

Jumamosi moja mke wangu alikuwa anafua uani. Nikasikia anapiga ukelele. Akanijia mikono ikichuruzika povu, ameshika vikaratasi vilivyolowa, na ndani ya kila kimoja kipande cha kidonge.

"Hujameza! Unataka kufa uniache na nani?"

Nilikuwa nimevisahau tu. Tukahesabu vile vikaratasi kwenye kiganja chake. Vinne, yaani wiki nzima. Wiki ambayo nilikuwa nimebeba nyama, nimetembea kwa miguu mpaka Soko Kuu na kurudi, nimegombana na mteja kuhusu mifupa na nikamshinda. Zamani nikichelewa nusu siku tu nililegea kama kitambaa kilicholowa. Tulitazamana, na hakuna aliyethubutu kufurahi.

Daktari alinigombeza kwanza. Akaniambia vidonge vikae karibu, nikiumwa nimeze nije mbio. Kisha akanitoa damu asubuhi na mapema, ikapelekwa Nairobi ndani ya barafu, tukangoja. Siku ya majibu mke wangu alikataa kubaki nyumbani. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena, akasema kile kitu cha alfajiri kimo kwenye damu yangu, cha kutosha.

"Lakini hakumeza," mke wangu akasema. "Nani alikuwa anamtengenezea?"

"Mwenyewe, mama. Zimeamka. Zinafanya kazi hata sasa hivi amekaa hapo."

Nilikuwa nimekaa tu, kofia mapajani, sifanyi lolote. Mke wangu akainuka, akazunguka nyuma ya kiti changu, akainama mpaka usawa wa kiuno, na kwa sauti ileile anayotumia kuwaamkia wazee kanisani akasema, "Shikamooni."

Nikaitikia marahaba kwa niaba yao, machozi yakinitiririka mbele ya daktari, wala sikuona haya.